Mabati ya Boaz

Boaz aliling'oa bati la kwanza upande wa ziwani, na Edith akalipokea.

"Lishike ukingoni," alimwambia kutoka juu ya paa. "Likipinda halitanifaa."

Edith alilishika ukingoni, akalishusha polepole, akaliegemeza kwenye mti wa ua, kisha akarudi kusimama mikono juu kungoja la pili. Boaz aliinyoosha misumari kwa nyundo palepale juu na kuitia mfukoni mwa koti. Koti hilo kwa miaka minne lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa nyumba hii. Asubuhi hiyo Edith alikuwa amelitungua, akalikunja vizuri na kuliweka nje juu ya kigoda, mbele ya wazee wawili wa ukoo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mjane akilitoa nje koti la mwanamume, ameshamfukuza.

Hakuwa akimchukia. Boaz alikuwa mdogo wake marehemu Caleb, mume wa Edith, na mwaka uliofuata mazishi alimrithi kama desturi ya Wajaluo inavyotaka. Ndiye aliyeiezeka nyumba upya, kwa mabati aliyoyanunua kwa mshahara wa kupakia miwa huko Awendo. Kabla ya hapo paa lilikuwa la nyasi zilizooza, na katika Sori nzima hapakuwa na fundi ambaye angekubali kupanda juu ya nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa. Fundi naye ana mke na watoto, na laana ya chira haichagui. Edith alikubali kurithiwa kama mtu anavyokubali kudungwa sindano. Paa likapatikana. Na kanisa likamtenga na Meza ya Bwana, kwa kuwa Wamethodisti wa sinodi ile walikuhesabu kurithiwa kuwa ni uzinzi, basi, wala hawakutaka maelezo.

"Mvua ikija itakuwaje?" Boaz aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya boriti, miguu ikining'inia ndani ya chumba cha kulala. "Hao watu wa kanisa watakuja kukuezekea?"

Edith aliinua mikono kungoja bati jingine.

"Nyar Kanyamwa," Boaz alimwita kwa ukoo wa kwao, "njia mbili zilimshinda fisi."

"Lishushe," Edith alisema. "Mikono inaniuma."

Bati la mwisho lilimponyoka Edith. Liliangukia kona na kupinda ukingo mmoja. Boaz aliteremka, akalikanyaga kulinyoosha, likakataa. Hakumlaumu. Aliyafunga mabati yote kwa kamba juu ya mkokoteni na kuyapeleka kwake, ng'ambo ya uwanja, chini kidogo kuelekea majini. Edith alimsaidia kusukuma hadi langoni.

Chanzo cha haya yote kilikuwa shamba. Shamba la Caleb liliteremka kutoka barabarani hadi ziwani, na safu ya mikonge ililikata katikati. Juu ya mikonge palikuwa na boma, na kaburi sasa. Caleb alikuwa mwinjilisti, na katika uhai wake alilipatia kanisa sehemu ya chini ya mikonge, pajengwe zahanati. Alitamka maneno hayo mezani, baada ya kula, mbele ya mkewe na mchungaji kijana aliyekuwa akiwatembelea kwa baiskeli, pindo la suruali limefungwa kwa kamba lisiumwe na mnyororo. Mchungaji huyo alikuwa Maroa, Mkuria wa upande wa mpakani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema, wakamchinjia kuku. Wakamlaza kitandani mwao, wao wenyewe wakalala jikoni. Edith alikuwa akimpikia mbuta, samaki wa ziwani, na hadi leo alijua kwamba mtu yule anapenda mkia, kichwa hakigusi.

Baiskeli ikawa pikipiki, pikipiki ikawa Pajero. Maroa akawa msimamizi wa sakiti, yaani wa makanisa kadhaa ya jirani, kisha Askofu wa sinodi nzima, ofisi yake Homa Bay. Sasa ilisemekana kwamba mwaka mpya hautamkuta huko, kwamba makao makuu yamemwandalia kiti kikubwa zaidi. Wala si kwamba alikuwa mvivu. Makanisa aliyajenga, mayatima aliwasomesha, na akihubiri, wanaume wazima walitoa leso. Zahanati tu ndiyo haikuonekana. Caleb alipokwisha kuzikwa, ilitoka hati ya shamba kwa jina la Askofu mwenyewe, shamba zima, toka barabarani hadi majini, na kampuni moja ya kununua mbuta ikakodishiwa mahali pa kuweka barafu na kupakia samaki. Vijana wakaja kung'oa mikonge. Nguzo za uzio zikaanza kupanda mlima, taratibu, kuelekea mlangoni kwa Edith.

Waumini walinung'unika hadi manung'uniko yakafika makao makuu, na tume ikaundwa kuchunguza mwenendo wa Askofu. Waliokuwapo Caleb alipoitoa ardhi walikuwa watatu. Caleb alikuwa kaburini. Wa pili alikuwa Askofu mwenyewe. Alibaki Edith.

Pauline, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, ndiye aliyemletea sharti. Tume haikupokea ushahidi dhidi ya mtumishi wa Mungu kutoka kwa mtu aliyetengwa na Meza. "Rudi kwanza, Min Akeyo," alimwambia, kwa jina la binti yake aliyeolewa Awendo. "Ukirudi watakusikiliza. Usiporudi, hata mlangoni hutafika."

Kurudi kulikuwa ni kumwacha Boaz. Edith aliliwaza jambo hilo akiteka maji, akipalilia, akilala. Paa ni kitu cha kutafutwa, alijiambia, lakini ardhi ikishakwenda imekwenda. Hata wewe ungewaza hivyohivyo.

Jumapili ya kumrudisha, Askofu alikuja mwenyewe. Angeweza kumtuma mchungaji yeyote, lakini alikuja. Edith alisimamishwa mbele ya kusanyiko akayasema maneno aliyofundishwa: kwamba ameishi katika uzinzi, kwamba anatubu, kwamba anaomba kanisa limpokee. Kuhusu paa hakuna neno alilofundishwa. Akapiga magoti. Askofu Maroa alimwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye joto, akaomba kwa sauti iliyojaza nyumba. Kisha akainama.

"Dada Edith," alisema taratibu, pembeni ya kipaza sauti. "Mbuta wako bado namkumbuka."

Edith alijaribu kumchukia. Aliitafuta chuki mahali ambapo ilipaswa kuwapo, akakuta pamekufa ganzi. Alikula mkate, akanywa divai kutoka mikononi mwake, akarudi kuketi. Wanawake walipiga vigelegele.

Fundi hakupatikana. Wa kwanza alisema ana kazi nyingi. Wa pili alikuwa mkweli zaidi: mjane aliyemtoa mrithi nje ni mbaya kuliko ambaye hajarithiwa, na yeye hangepanda huko hata kwa dhahabu yote ya machimbo ya Masara. Edith alikwenda kwa Suleman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Sori, akanunua karatasi la nailoni jeusi, akalitandaza juu ya boriti kwa kutumia mti mrefu na kulibana kwa mawe. Mwaka huo ulikuwa wa tisini na saba. Redio ilikuwa imesema kuna mvua inaitwa El Nino, watu wakacheka jina. Kisha ikaja. Upepo wa ziwa ulilichana karatasi na kulipeperusha hadi kwenye matete, na maji yakaingia kwenye kuta za udongo kutoka juu, mahali ambapo ukuta hauna ngozi.

Kikao cha tume kilifanyika Homa Bay, katika ukumbi wa kanisa. Askofu, akiwa ndiye mwenyeji, alikifungua kwa maombi. Chai na mikate ilitoka nyumbani kwake. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Mirumbe, mzee wa miwani, mpole wa sauti, ambaye alimwita Edith "Mama" kila mara na kumwambia aketi. Edith hakuketi. Alieleza juu ya mikonge, juu ya mlo ule, juu ya maneno ya Caleb, na walimsikiliza bila kumkatiza. Pauline hakuwa amemdanganya.

Kisha Askofu alijibu, naye hakuwa na papara. Alisema marehemu hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo aliitoa ardhi yote kwa Mungu. Alisema mjane baada ya kurithiwa alihamia kwa shemeji yake, jambo linalojulikana, na boma lile limekuwa mahame tangu hapo. Hakumtazama Edith alipokuwa akisema. Alitazama mikono yake mwenyewe.

Edith akayasema maneno ambayo baadaye angeyarudia moyoni mara nyingi.

"Mtu hatoi nyumba ambayo analala ndani yake," alisema. "Mimi sijahama. Naishi pale pale. Njooni muone kwa macho yenu."

Wajumbe walinong'onezana. Askofu aliinua uso.

"Ni haki yake," alisema. "Twendeni tukaone."

Hawakwenda wiki hiyo, wala iliyofuata. Mito ilikuwa imefurika na daraja moja limechukuliwa. Edith alirudi kwa miguu pale ambapo magari yalikwama, akangoja. Kila usiku alihamisha kitanda kukifuata kipande cha ukuta kilichobaki wima. Ukuta wa kusini ulianguka, kisha wa magharibi ukalala juu ya kabati la vyombo. Asubuhi Boaz alipita akielekea ufukweni, akasimama langoni. Alitazama muda mrefu. Kwa desturi hakuweza kuingia, na hakuingia.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula," Edith alisema, na haikuwa kweli.

Siku mvua ilipopumzika, Pajero ilishuka ikiteleza hadi langoni. Walitoka Mchungaji Mirumbe na wenzake wawili, wamevaa gambuti, kisha Pauline, kisha Askofu. Askofu alilitambua kaburi la Caleb kwanza. Alivua kofia, akasimama kando yake kimya, na kimya hicho kilionekana cha kweli. Nyuma yao, vijana wa uzio walikuwa wakichimba mashimo, na hawakuacha kuchimba.

"Nyumba iko wapi, Mama?" Mirumbe aliuliza.

"Ni hii."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Palikuwa na ukuta mmoja na nusu, rundo la udongo ambalo nyasi zilikuwa zimeanza kuota, kitanda kilichofunikwa gunia, na mafiga matatu.

"Hili ni gofu, Mama."

"Ni nyumba yangu. Ndimo ninamolala."

Walimwita Boaz. Alikuja akiwa amevaa lile koti, akasimama nje ya lango. Mirumbe alimuuliza kama anaifahamu nyumba hiyo.

"Naifahamu. Niliiezeka mimi."

"Na nani aliiezua?"

"Mimi. Ni mabati yangu. Mwenye nyumba alinitoa nje, nami nikaondoka na yaliyo yangu. Ndivyo inavyofanywa."

"Kwa hiyo ukoo unamtambua huyu mama kuwa mwenye boma hili?"

Boaz alitazama chini. "Mjane aliyemkataa mrithi, ukoo hauna neno naye," alisema. "Hayo si maneno yangu. Ni ya wazee."

Mirumbe akamrudia Edith, na bado sauti yake ilikuwa ya upole. "Mama, wewe mwenyewe ulikubali nyumba iezuliwe?"

"Mliniambia niachane naye."

"Tulikuambia uache dhambi. Hakuna aliyekuambia utoe paa."

Edith alimtazama Pauline. Pauline alikuwa akikwangua tope la kiatu kimoja kwa kingine, na kazi hiyo ilimchukua muda. Askofu alikuwa bado kando ya kaburi, kofia kifuani.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Mirumbe alieleza, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba tume haiwezi kuandika kinyume cha kile ambacho macho yake yameona. Iliambiwa kuna mahame, imekuta mahame. Zawadi ya marehemu inasimama kama ilivyo kwenye hati, Baba Askofu hana la kujibu, na kanisa limefarijika sana kwamba jambo hili limekwisha kabla hajapandishwa. Edith naye hatasahaulika. Umoja wa Wanawake utamletea blanketi wakati wa Krismasi.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika tena juu ya ziwa. Dereva aliwasha gari.

"Tufunge kwa maombi," Mirumbe alisema. "Mama Edith, kwa vile sasa wewe ni mshiriki kamili, tuombee."

Edith alifumba macho. Alingoja kuona ni nini kitatoka, na kilichotoka ni sala aliyokuwa akiwaombea wageni tangu alipoolewa katika boma hili. Alimshukuru Mungu kwa kuwaleta. Aliomba awafikishe salama, awaepushie ajali na mafuriko. Alimwombea Baba Askofu katika kazi yake mpya. Maneno yalikwenda yenyewe, naye aliyasikia kama ya mtu mwingine aliye chumba cha pili. Amina waliitikia wakiwa tayari wanatembea, na milango ya Pajero ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Pauline ndiye aliyepanda mwisho. Vijana wa uzio walitupa majembe na kukimbilia kwa Boaz kujikinga.

Mvua ilitokea ziwani. Ilianza kusikika kwa Boaz, juu ya mabati, na Edith akalitambua lile lililopinda, likigongagonga peke yake ukingoni. Alisimama katikati ya chumba chake akilisikiliza. Kisha mvua ikavuka uwanja ikafika kwake, na kwake haikutoa sauti yoyote.