Ndoo ya Mjomba Sadoki

Kosa la Philemoni lilikuwa chaki. Sebule ya Mama Zeenat, kule Njiro, ilikuwa na sakafu ya zege iliyopanda na kushuka ovyo, na mbao za mninga zilishapangwa barazani zikisubiri kulazwa. Philemoni akaweka rula yake ndefu ya alumini, akaanza kuchora: msalaba palipoinuka, duara palipobonyea. Kazi ya kawaida kabisa. Ila alichora kabla ya kumwita fundi aliyeimwaga ile zege, na kwa mafundi hilo ni tusi zito. Tena fundi mwenyewe alikuwa mjomba wake Sadoki, aliyemtoa kijijini Nkoaranga hajui hata kushika mwiko, akamfundisha kila kitu.

Zeenat alipita, akahesabu alama kumi na tisa, akapiga picha na kuirusha kwenye kundi la majirani. Hakuwa na subira mama yule. Kufika saa sita mchana, nyumba mbili zilizokuwa zikimsubiri Sadoki zilishamwambia asije, na picha ilishamfikia.

Philemoni alikuwa amejifunga kitambaa puani, grinda ikinguruma juu ya msalaba wa kwanza, vumbi limetanda chumba kizima. Ghafla grinda ikazima. Akageuka, akamwona mjomba wake amesimama karibu na soketi, waya ameung'oa. Mkono mmoja ameshika nyundo, mwingine ndoo ya maji.

"Shikamoo, mjomba."

Sadoki hakuitikia.

"Umenivua nguo mbele ya Njiro nzima," akasema. "Nilikufundisha nini mimi? Sakafu inakaguliwa kwa maji, siyo kwa hiyo rula yako. Leo namwaga. Yakituama mahali, nakubali. Yasipotuama, utaifuta hiyo chaki kwa ulimi wako."

"Mjomba, nakuomba usimwage! Nimesubiri wiki tatu zege ikauke. Mbao zikilala juu ya unyevu zitavimba zote."

"Zivimbe!"

Hapo ndipo Philemoni alipoteleza. Angemwacha mzee amwage, amalize hasira, sakafu ingekauka tena. Lakini alikuwa ameipenda ile kazi, na kwa dakika ile moja, Mungu amsamehe, aliihurumia sakafu kuliko alivyomhurumia mjomba wake. Akarukia ndoo, akaushika mshikio wake.

Nyundo ikamshukia kwenye vidole. Akasikia mifupa inavunjika, akapiga ukelele, lakini hakuachia. Nyundo ikapanda tena, ikamchana sikio. Damu ya moto ikamtiririka shingoni, na hasira ambayo hakujua anayo ikamjaa kifua. Akamgonga mjomba wake kwa bega, kwa nguvu zake zote.

Sadoki akaenda kinyumenyume. Kisogo chake kikatua juu ya msalaba, kwenye nundu ya zege aliyoimwaga mwenyewe. Mlio wake ulikuwa mfupi na mbaya. Ndoo ilibaki kwa Philemoni, wima, haijamwagika hata tone.

Akaitupia barazani, akapiga magoti, akakibana kisogo kwa kile kitambaa cha puani. Haikusaidia. Damu ilipita kati ya vidole vyake vilivyovunjika, ikashuka kutoka kwenye nundu, ikatambaa taratibu hadi kwenye duara la chaki lililokuwa karibu. Ikatuama humo.

Zeenat alikuwa mlangoni akipiga kelele, gari, leteni gari! Sadoki hakumsikiliza. Alikuwa amelaza shavu sakafuni, jicho moja likiifuata damu yake ilikoelekea.

"Pamebonyea," akasema kwa sauti ya kazini.

"Nisamehe, mjomba," Philemoni akalia. "Ningekuita wewe kwanza. Ningekuita!"

Sadoki akamtazama muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka jambo alilolisahau.

"Marahaba," akasema.

Gari liliporudishwa nyuma hadi mlangoni, hapakuwa tena na mgonjwa wa kupakia.