Konokono Aliyevaa Ngozi

Akina mama wenzangu mnaosafisha makombe ya bahari, someni hili taratibu. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini makombe nimeyachambua miaka kumi na tisa, na mgongo wangu ni shahidi.

Binti yangu wa mwisho alipoanza kazi meza moja na mimi, nilimfundisha kumjua konokono mwenye sumu. Nilimwonyesha kombe kavu la rafuni: pembetatu nyeupe zilizozungushiwa mistari ya kahawia, mfano wa wavu. Nikamwambia akiona wavu asiguse. Nikajiona mwalimu.

Jumanne ikaletwa ndoo ya konokono walio hai. Akaokota mmoja wa kahawia tupu, akatania kwamba huyu hajaoga tangu azaliwe. Nikacheka kivivu bila kuinua macho. Akamshika upande mpana, akaanza kumkwangua kwa kisu. Punde akasema amechomwa kidoleni kama na sindano. Nikamwambia anawe aendelee, kazi bado nyingi.

Haikupita robo saa, midomo ikafa ganzi, kope zikamwangukia, maneno yakamtoka kama ya mlevi.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama, ni konokono gani?"

Ndoo nilikuwa nayo. Nikamgeuza yule konokono kwa kijiko. Umbo la pia wanayochezea watoto. Mdomo wa kombe mwembamba kama ufa, umeshuka kutoka juu mpaka chini, hauna meno. Na pale kisu kilipopita ngozi ilikuwa imebanduka. Chini yake, wavu.

Daktari akasema sumu hiyo haina dawa, mashine ndiyo itampumulia mpaka mwili uishinde wenyewe. Siku mbili nilikaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka.

Siku ya tatu bomba la mashine likatolewa kooni. Badala ya kushukuru nikaanza kumgombeza, mbona hakuangalia vizuri.

"Niliangalia, mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Ulinifundisha rangi."

Sasa anataka kurudi mezani, na mimi nimechoka hata kubishana naye.

Wafundisheni wenu umbo na mdomo kwanza. Akiwa hai konokono huyo huvaa ngozi juu ya rangi zake, na hana upande salama wa kushika, mwiba wake hufika kote. Ngozi hiyo nimeikwangua kwa mikono yangu miaka yote. Nilishaizoea mno, sikukumbuka kuitaja.