Aliyeinoa Kwaya

Polikarpo alikuwa mwana wa Remigius, na Remigius mwana wa Valentino, katekista wa kwanza kukabidhiwa funguo za kanisa kule Michenga. Neno la watu wa ukoo huo lilipokelewa bila shahidi. Kwa hiyo Jumapili ile, padre alipomwuliza yeye, mlezi wa kwaya, mbele ya waamini ni nani aliyeinoa kwaya ya Ifakara hata ikashinda kwaya zote za bonde, hakuna aliyelitilia shaka jibu lake.

“Ni mjukuu wangu, Deogratias,” alisema mzee. “Amehitimu chuo cha muziki Dar es Salaam.”

Makofi yalilipuka. Padre akatangaza papo hapo kwamba kijana huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wa kwaya. Mzee akaketi. Deogratias alikuwa amefika wiki moja tu kabla ya shindano. Aliyewafundisha wanakwaya sauti zote nne, masika yote, ni Leticia, binti wa jirani, asiyejua kusoma nota hata moja. Siku hiyo hakuwapo kanisani. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, naye alikuwa shambani akiamia ndege wasiule.

Kesho yake mzee aliuacha uji mezani. Alipanda bajaji hadi Michenga. Kabla hajaliona dungu, kile kichanja cha mlinda ndege, alimsikia Leticia huko juu, akiimba besi kwa sauti yake ya kike, akikosea, akirudia palepale, huku akigonga debe kuwatimua kwelea.

“Shikamoo, babu! Umekuja kuamia, au kula mpunga pamoja na hawa wenzako?”

“Marahaba. Shuka, mama, nina neno.”

“Neno nimeshalipata. Teddy mwenzangu wa kwaya alinipigia simu.” Alicheka, lakini hakushuka. “Hongera ya mjukuu. Bora ndege wangu, hawaulizi cheti.”

“Nilisema uongo, Leticia.”

Kundi la kwelea lilitua upande wa pili wa shamba, lakini Leticia hakuligonga debe.

“Kwa nini, babu? Wewe uliyemfukuza Elineema mazoezini kwa kudai amekariri beti ambazo hakuzikariri!”

“Nilitaka watu waone kwamba damu yangu imesoma.”

Lilikuwa jibu la kweli, nalo lilimwaibisha kuliko ule uongo.

Jioni, wakati wa mazoezi, alimwomba padre aingie, akaeleza yote mbele ya wanakwaya bila kupunguza. Padre akaitengua kauli yake ya Jumapili. Deogratias akamsogelea babu yake, macho mekundu.

“Babu, unanivua nguo mbele za watu. Cheti changu sikukiokota.”

“Hukukiokota,” mzee alijibu, wote wakisikia. “Nota utawafundisha, na hakuna atakayekunyang’anya kazi hiyo. Lakini aliyekufedhehesha si Leticia. Ni mimi, niliyekuvika jasho la mwenzako. Nanyi vijana nyote, nisikilizeni. Mwenye shule na afanye mazoezi kila siku kama asiye nayo. Asiye nayo na ajifunze nota bila kuona haya. Na mtu mzima akikupa sifa usiyoitolea jasho, hata awe babu yako mzazi, simama uikatae palepale, kabla makofi hayajaanza!”