Kijiti Nyuma ya Pipa

Kichaka cha maua cha marehemu mama yake fundi cherehani kilikuwa chotara. Zamani mama alichukua unga wa ua jeupe la mlimani kwa unyoya wa kuku, akaupaka kwenye ua jekundu la bondeni. Mbegu moja ikatoa kichaka chenye maua ya rangi isiyopatikana porini: rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.

Sasa mchwa walikuwa wamekimaliza, kimekauka kimesimama. Na fundi, kwa haraka zake, alikuwa ameokota mbegu tu na kuzipanda. Miche ilipochanua, huu mweupe, ule mwekundu. Wa mama, hakuna.

"Si nilikwambia, wifi?" dada wa mumewe alisema huku akianika nguo. "Kichaka chotara hakirudi kwa mbegu. Hukatwa kijiti kikapandwa. Mama yako aliimba hayo mpaka tukachoka, wewe umetia pamba masikioni!"

Fundi alijaribu kucheka. Alikwisha kumzika mama mara moja. Sasa alikuwa anamzika tena, kwa mikono yake mwenyewe.

Alipokwenda kung'oa kile kichaka kikavu, aliona kitu nyuma ya pipa la maji, penye kivuli. Kijiti kibichi kimechomekwa mshazari, majani yake yamekatwa nusu nusu. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akikata. Udongo ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Wifi, umepanda wewe?"

"Mimi? Na kucha hizi?"

Fundi aliinama, akakishika, avute kidogo tu aone kama kimetoa mizizi.

"Usivute, wewe mtoto!"

Mkono ukaganda. Nyuma yake alisimama bintiye, Chiriku, miguu imejaa tope. Bibi yake alifariki Chiriku akiwa hajajua hata kutambaa.

"Nani kakufundisha kuniita mtoto?"

"Bibi. Anasema ulikuwa unafukua maharage kila siku, uone kama yameota."

Wifi aliangusha kibanio cha nguo. Jambo hilo fundi hakuwahi kumsimulia mtu.

Alitaka kumbeba mtoto akimbilie ndani. Badala yake alikiachia kijiti, kidole kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama," alinong'ona kuelekea kwenye pipa.



Hakukigusa tena. Kila asubuhi alikuta udongo umelowa, akapita kwa adabu kama apitaye mlangoni kwa mkubwa. Hadi siku ua la kwanza lilipofunguka, rangi ileile ya ufizi.

Siku hiyo udongo ulikuwa mkavu.

Fundi akachota maji kwenye pipa, akamwagilia mwenyewe.