Macho ya Muzee Habarurema

Kila mara mashine ya wodi ya uzazi ilipozimika, kituo kizima cha afya kule Mapendo kililaumu umeme. Mjini Goma umeme hubebeshwa lawama zote, wala haujitetei. Muzee Habarurema, fundi wa kompyuta, naye aliulaumu, akijua fika kwamba anadanganya.

Kituo kilikuwa na kompyuta kubwa moja tu, na ndani yake ziliishi mashine ndogo tatu za programu tupu, zisizo na umbo: ya uzazi, ya maabara na ya dawa. Prosesa, ubongo wa ile kubwa, ilikuwa hodari wa kugundua kumbukumbu iliyoharibika. Lakini siku alipoisimika, Habarurema aliamuru habari hizo zikomee hapo juu, zisizifikie ndogo. Alizihurumia, ungedhani ni watoto. Basi mashine ya uzazi iligusa mahali palipooza bila kuonywa, ikaanguka yote na faili za akina mama.

Munezero, msichana ambaye Habarurema mwenyewe alimfundisha kazi, ndiye aliyeling'amua hilo. Akamwomba afungue njia ya maonyo: mashine ndogo ikiambiwa palipoharibika, itafunga kazi moja tu iliyopagusa, nyingine ziendelee. Muzee akakataa, akasema zisitiwe hofu bure.

Mwenye hofu alikuwa yeye. Miezi mingi sasa hakuweza kusoma karatasi wala vibandiko, ingawa kwenye skrini yake bado alisoma vizuri, na hilo ndilo lililompa moyo. Kosa likijitangaza, daktari mkuu atauliza fundi alikuwa anaangalia nini, halafu atamrudisha kijijini Kalengera akachunge mbuzi wa shemeji yake. Na kazi hii aliipenda mno.

Jumatatu mashine ya uzazi ikaanguka tena. Muuguzi Victoire akalazimika kumuuliza mama mmoja kundi lake la damu katikati ya uchungu. Mtoto alizaliwa salama, lakini aibu ilimkaa Habarurema rohoni. Siku hiyo hiyo akamwambia Munezero afungue njia.

Jumatano, saa sita mchana, onyo likafika. Kwenye skrini ya Victoire dirisha moja lilifungwa, likisema kumbukumbu imeharibika. Faili nyingine zote zikabaki salama. Habarurema na Munezero wakazima kompyuta kubwa kwa utaratibu, wakafungua kasha. Bareti za kumbukumbu zilikuwa nne, vibao vyembamba vyenye namba ndogo kama siafu. Habarurema akachomoa moja, akaisogeza puani, akaipeleka mbali hadi mkono ukaisha.

“Munezero, mutoto wangu,” akasema, “sione tena.”

“Niko najua, papa. Tangu mwaka jana niko naongezaka ukubwa wa maandiko ya ekran yako, kidogo kidogo, juu usijue.”

Muzee akamkabidhi bareti. Mwaka mzima alikuwa akijivunia macho yale. Alitaka kukasirika, akashindwa, maana alimpenda binti huyu. Na kuficha huko alijifunza kwa nani kama si kwake?

Munezero akasoma namba, akazilinganisha na ile iliyotajwa katika onyo. Mbovu ilikuwa ya tatu. Wakaitoa, wakawasha, mashine zote zikaamka. Kisha Habarurema akafunga kifungo cha juu cha shati, aende kumweleza daktari mkuu yote mawili, bareti na macho. Mlangoni akageuka.

“Yale maandiko,” akasema, “uongeze tena. Haitoshe.”