Kanuni ya Abiria

Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka tangu alfajiri, na sasa jua lilikuwa utosini. Restituta alilala mkekani ndani ya banda la ushirika wa usafirishaji, Lusahunga. Mkunga Kalista alikuwa ameacha kumwambia asukume.

"Mimi nimeshindwa," alimwambia Gervasi, mumewe. "Mfikishe Biharamulo kwa daktari."

Amfikishe kwa chombo gani? Lori la ushirika, hilo moja tu, lilichukuliwa na jeshi mwezi uliopita, likapeleka askari vitani. Na hapo nje, mbele ya mti wa kizuizi cha ushirika, lilisimama lori la Ndayisaba, dereva wa Burundi. Lilikuwa tupu, linakwenda Biharamulo hiyohiyo.

"Nitamubeba bure," alisema Ndayisaba. "Mzee afungue tu."

Ufunguo wa kufuli la kizuizi ulikuwa mfukoni mwa mzee Gozbert, mwenyekiti wa ushirika.

"Shikamoo, mzee. Ni mke wangu."

"Marahaba. Namwona, mwanangu. Naumia." Na kweli aliumia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo balaa lenyewe. "Lakini gari la nje halibebi abiria. Leo mgonjwa bure, kesho watu wa mnadani kwa nusu nauli. Vita ikiisha lori letu litambeba nani? Familia kumi na mbili zinakula hapa, na yako imo."

"Anakufa, mzee!"

"Kanuni tuliipitisha wote. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza."

Alinyoosha, kweli. Na makofi alipiga.

Gervasi akapiga magoti, akamshika mzee miguu. Gozbert alimwinua kwa upole, akaita wanachama wanne walete machela. Ndayisaba akafunguliwa njia, akapita na lori lake tupu. Wao wakafuata kwa miguu, wakimeza vumbi lake.

Robo ya njia hawakuifikia. Restituta alinyamaza, wakageuza machela.

Kesho yake Ndayisaba alirudi, akaikuta maiti imefungwa mkekani, ikisubiri kwenda kuzikwa kwao Kirushya, njia ya kurudi Burundi, ambako habari ilikwishatumwa. Gozbert alivua kofia. Akafungua kufuli, akauinua ule mti kwa mikono yake mwenyewe.

"Mpakieni," alisema. "Maiti si abiria."

Wakampakia. Gervasi akaweka mguu apande naye. Mkono ukamgusa begani.

"Wewe shuka, mwanangu," alisema mzee, macho yamemlowa.

Lori likaondoka. Gervasi akaanza kulifuata kwa miguu.