Kabati la Gemu la Mjomba

Mjomba alifariki Jumatano asubuhi, nikiwa napiga deki sebule ya mbele. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, viatu mkononi, kwa sababu hakupenda kukanyaga sakafu mbichi. Nikamwambia, "Subiri kidogo, Mjomba, ikauke." Hakujibu. Nilidhani amenuna. Nilipomaliza kukamua dekio ndipo nikaona kiatu kimoja kimeanguka kwenye maji, naye hajainama kukiokota.

Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki. Nayaandika haya nisije nikayasahau, au nisije nikaanza kuyasimulia vizuri kuliko yalivyokuwa.

Sebule ile ndiyo iliyokuwa ukumbi wake wa gemu. Mashine ilikuwa moja tu: kabati refu kama la nguo, lenye skrini ya kioo kinene, kijiti chekundu, vitufe viwili na tundu la sarafu. Ubavuni lilichorwa chombo cha angani kinachotema moto mkiani. Watu wazima waliotoka kazini walikuwa wakisimama foleni hadi barazani wakingoja zamu zao za kulipua vimondo. Mjomba mwenyewe alikuwa mchezaji mbovu kupindukia. Fundi wake, tuliyemwita Fundi Nyaya, hakumwachia.

"Wewe maadui wakikuona wanakaa chini kupumzika," alikuwa akimwambia.

"Na wewe umeme ukikuona unakatika wenyewe," Mjomba anajibu.

Waliishi hivyo miaka thelathini.

Miaka minne iliyopita Fundi Nyaya alikuja kubadilisha transfoma, ambayo inakaa chini kabisa ndani ya kabati. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Fundi akaugusa ubao wa chini, akanusa vidole vyake, akaniita.

"Binti, mwambie mjomba wako kabati hili liinuliwe juu ya matofali. Hizi si mbao, ni vumbi la mbao limegandishwa kwa gundi. Linakunywa maji. Na wewe ndoo hiyo ipunguze. Sakafu inapigwa deki, haiogeshwi."

Nilicheka. Nikasema, "Nitamwambia."

Sikumwambia. Sina sababu nzuri ya kuandika hapa. Nilikuwa nimezoea kumwaga ndoo nzima katikati ya sebule, kisha nasukuma maji kwa dekio hadi nje ya mlango. Kazi inakwisha upesi. Nilijua nikiufikisha ujumbe ule nitaambiwa nipige magoti na kitambaa kilichokamuliwa. Siku ya kwanza nilisahau. Siku ya pili nikaona haya kwa kuchelewa. Siku ya tatu nikaamua hakukuwa na haja.

Baada ya wiki sita ubao wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Kabati likainama upande mmoja, transfoma ikakalia unyevu, moshi ukatoka, na picha ikajikunja katikati ya kioo mpaka ikabaki nukta. Mjomba akamwita fundi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango uko wazi kidogo.

"Miaka yote nakuamini, leo umekuja kuniulia mashine," Mjomba alisema.

"Mimi? Unajua mwenyewe ulichoambiwa."

"Nimeambiwa nini, na nani?"

"Haya, jifanye hujui."

"Toka, bwana. Toka na bisibisi zako."

Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha. Nilikuwa na sahani mkononi, nimeshaiosha. Nikaiosha tena.

Hawakuzungumza tena mpaka Mjomba alipofariki. Siku ya mazishi nilimwona fundi ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Aliondoka kabla mwili haujatolewa ndani.

Wiki ya tatu, binamu yangu, mtoto pekee wa Mjomba, alikuja na futi ya chuma ya kujikunja. Yeye ni fundi cherehani na alitaka kuhamishia kazi yake sebuleni.

"Dada, hilo dude litoke," alisema. "Hata mchwa wamelionja wakalitema."

"Ni kumbukumbu ya baba yako."

"Baba alikuwa na meno ya bandia pia. Mbona hayo hatukuyaweka sebuleni?"

Nikamwomba angoje Fundi Nyaya alitazame kwanza, aseme kama linafaa kutengenezwa au la.

"Yule? Si ndiye aliyeliua?"

Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Fundi alikuja Jumamosi mchana. Alifungua mgongo wa kabati, akaingiza tochi na kichwa, akakaa humo muda mrefu. Binamu alikuwa akipima dirisha.

"Skrini nzima," fundi alisema alipotoka. "Bodi nzima. Transfoma tutaweka nyingine. Ila kabati limeoza, kuanzia hapa kwenda chini." Akaonyesha kimo cha shubiri moja.

"Linatengenezeka?" nikauliza.

"Linatengenezeka. Nakata palipooza, naunga mbao za kweli. Lakini ukiniuliza kama linastahili, mimi nasema hapana. Lipasueni."

"Umesikia, dada?" binamu akasema.

Fundi alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Niseme ukweli, na si kwa kumsengenya marehemu. Mbao si tatizo. Mkono wangu ndio unakataa. Mzee nilimpelekea ujumbe kabla halijaharibika, akaupuuza. Kisha akanifukuza majirani wakisikia, anajifanya hakuambiwa. Mtu anayemdanganya rafiki yake mchana kweupe, mimi nimtengenezee kumbukumbu?"

Miaka yote ile nilidhani nimemwonea mtu mmoja. Kumbe Mjomba naye alikuwa anaitwa mwongo katika moyo wa rafiki yake, kila siku, na sasa hawezi tena kujibu.

"Hakuambiwa," nikasema.

"Nani?"

"Mjomba. Ulinipa mimi ujumbe, sikuufikisha. Na siku mlipogombana nilikuwa jikoni. Nilisikia yote."

Futi ya binamu ilijirudisha yenyewe kwa kishindo. "Dada!" alisema.

Fundi alinitazama kama anavyotazama waya aliouunga mwenyewe akaukuta umeachia.

"Sikuingia kumuaga," alisema. "Nilisimama pale ng'ambo kwa hasira."

"Nisamehe, baba."

"Usiniite baba sasa hivi."

Alipanga bisibisi zake kwenye mkoba, akaondoka akiliacha kabati wazi mgongoni. Binamu hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alipima dirisha lile lile mara mbili, akasahau kuandika, akaenda zake.

Siku tisa baadaye fundi alirudi na mkokoteni na wanaume wawili.

"Nalichukua," alisema. "Linastahili."

"Nisaidie nini?"

"Fungua milango yote miwili, halafu kaa pembeni."

Nikafungua. Walilibeba likimwaga unga wa ubao kutoka ukutani hadi kizingitini. Walipokwisha kwenda niliufagia.

Sasa liko kwenye karakana yake. Binamu ndiye anayeniambia habari zake: linawaka, picha inaelekea kijani kidogo, na chombo cha angani kimepoteza moto wa mkiani kwa sababu palikatwa. Ijumaa jioni watu wanapanga foleni, na binamu naye huenda kucheza. Sebuleni kuna vyerehani vitatu. Mimi sijaenda kuliona.